Somo: Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi na watoto wa chekechea nyumbani

Wazazi wenzangu, hamjambo. Kila ikikaribia tarehe 17 Machi naulizwa tunafanya nini na watoto ambao hata kusoma bado. Sisi tunaishi Cork, kusini mwa Ayalandi, na wanangu wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine mitano, nawafundisha nyumbani kwa Kiswahili. Siku hiyo mji wote huvaa kijani, bendi hupita barabarani, na mtoto haachi kuuliza: mama, hii sherehe ya nani? Somo langu limesimama juu ya swali hilo. Madukani kumejaa kofia za plastiki na picha za vijizee vyenye chungu cha dhahabu, nami naviacha hukohuko. Nataka mtoto amjue mwenye sikukuu, ashike jani lake, na ale mkate wa nchi anayoishi.

Andaa pilipili hoho moja, rangi ya maji ya kijani, karatasi, jani jeupe la kabichi ya Kichina, rangi ya chakula, na vitu vya mkate nitakavyovitaja. Unaweza kumaliza yote asubuhi moja, lakini mimi hugawa kwa siku tatu. Wangu zikipita dakika 15, akili zao zimeshatoka nje.

Hatua ya 1: Hadithi

Anza hapa, hata kama mengine yote utayaacha. Tandika kitenge cha bluu sakafuni kiwe bahari, weka kondoo wa pamba upande mmoja, mashua ya karatasi upande wa pili. Paukwa! Pakawa! Hapo zamani, karne ya 5, palikuwa na kijana wa Uingereza aitwaye Patrisi, wakati ile nchi ilikuwa bado na desturi za Warumi. Alipofika miaka 16 hivi wakaja wavamizi, wakamteka, wakamvusha bahari na kumfanya mtumwa Ayalandi. Miaka sita alichunga mifugo, mvua yake, baridi yake. Akatoroka, akapata mashua, akafika kwao salama. Halafu, baada ya miaka mingi, akarudi Ayalandi kwa hiari yake mwenyewe, kuwahubiria watu wa nchi ileile iliyomfanya mtumwa. Habari hizi aliziandika mwenyewe kwa Kilatini, na maandishi yake yapo mpaka leo.

Kutekwa usikufiche, ila kusimulie kwa ukubwa wa mtoto. Mimi husema: "Walimchukua bila kumuuliza mama yake." Mwaka jana mkubwa wangu alinisimamisha hapohapo pa kurudi. "Kwa nini alirudi kwa watu wabaya?" Nikamwambia, alikuwa ameshajifunza lugha yao. Akanyamaza, akachukua kondoo mmoja, akampakia kwenye mashua aende naye. Sikuongeza neno.

Hatua ya 2: Jani

Tokeni nje mtafute kwenye nyasi. Jani la siku hii linaitwa shamroki, kutoka neno la Kiayalandi *seamróg*, maana yake klova ndogo. Lina vijani vitatu. Angalieni sana hapa, kwa sababu karatasi nyingi za kupaka rangi zinachora vinne. Klova ya vijani vinne ni ya bahati, ni habari nyingine kabisa. Mapokeo yanasema Patrisi alitumia jani hili kueleza Utatu Mtakatifu. Ni simulizi iliyokuja kuandikwa karne nyingi baada yake, kwa hiyo mimi huisimulia kama simulizi.

Mkirudi ndani, chukua pilipili hoho yenye matuta matatu chini. Zipo za matatu na za manne, kwa hiyo dukani mpe mtoto kazi ya kuzigeuza na kuhesabu mwenyewe. Ikate kwa upana, toa mbegu, chovya kwenye rangi, piga muhuri kwenye karatasi. Linatoka jani lenye mapande matatu, na mtoto anachora kikonyo kwa kidole.

Hatua ya 3: Mkate wa soda

Hii ndiyo hatua wanayoikumbuka mwaka mzima. Washa oveni mapema, nyuzi 220 za Selsiasi. Kwenye bakuli pana tia unga wa ngano gramu 450, kijiko cha chai kimoja cha bikaboneti ya soda na kimoja cha chumvi. Maziwa ya mtindi yawe mililita 350 hadi 400, ukianza na kidogo.

Kabla ya kuchanganya, weka mtindi kidogo kwenye glasi, dondoshea chembe za bikaboneti, na mwambie mtoto ategee sikio. Mdogo wangu alisema, "Unanong'ona." Hicho anachokisikia ndicho kitakachoinua mkate, kwa kuwa hamira haimo kabisa. Mtindi una asidi, ukikutana na soda hutoa hewa papo hapo.

Chekecha bikaboneti vizuri. Donge moja likibaki linaacha doa la njano na ladha ya sabuni. Mmoja achimbe shimo katikati ya unga, mwingine amimine mtindi. Panua vidole, zungusha mkono mpaka unga ushikane, kisha acha. Usikande! Sisi tuliolelewa na chapati mikono inatuwasha, najua, lakini ukikanda mkate huu unakuwa mgumu, na ukichelewa hewa inaishia kwenye bakuli badala ya oveni.

Ufanye wa mviringo, nyunyiza unga juu, kata msalaba wenye kina ili moto ufike katikati. Wazee wa huku wana maelezo mengine: wapo wanaosema ni baraka, wapo wanaosema ni njia ya kuwatoa majini wadogo. Oka dakika 15, shusha moto hadi nyuzi 200, endelea dakika 25 hadi 30. Ugeuze, ugonge chini. Ukilia kama kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Uleni siku hiyohiyo na siagi, maana kesho yake umeshakauka.

Hatua ya 4: Rangi na gwaride

Simamisha jani la kabichi kwenye glasi ya maji yenye rangi ya chakula ya kijani jioni. Asubuhi mishipa yake itakuwa ya kijani na mtoto ataona maji yanavyopanda. Ukitaka kuongeza, waonyeshe picha za mto wa Chicago, unaotiwa rangi ya kijani kwa sikukuu hii tangu 1962. Ila chakula chenyewe usikitie rangi. Mwaka wetu wa kwanza nilitia kijani kwenye uji, na mdogo akaukataa uji wiki nzima.

Gwaride ni sufuria, mwiko, na kuzunguka meza.

Maswali ya wanachama

Kutoka Nakuru: *Dada, sina oveni, nina jiko la makaa. Nifanyeje?*
Uko karibu na asili kuliko mimi, dada yangu. Zamani Waayalandi waliuoka mkate huu kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko, na makaa ya mboji (udongo wa kinamasi uliokaushwa, unaowaka kama kuni) wakayapanga juu ya mfuniko. Ni moto wa juu na chini, kama Waswahili wanavyopika mkate wa kumimina. Sufuria nzito, ipake unga, makaa machache chini, mengi juu. Chungulia baada ya nusu saa.

Kutoka Dublin: *Shikamoo mwalimu. Sisi ni Waislamu, na hii ni sikukuu ya kanisa. Tena kuna miaka inaangukia Ramadhani.*
Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, asili yake ni ya kanisa, lakini hapa pia ni siku ya taifa, ya mapumziko kisheria tangu 1903. Chukua jani kama mmea, mkate kama chakula cha jirani, na acha hadithi ikiwa hutaki. Msalaba wa juu si lazima. Kata mstari mmoja, utaiva. Uoke alasiri, na jua likizama uwe wa moto kwenye futari.

Kutoka Eldoret: *Kumbe St. Patrick's ya Iten ndiyo huyu huyu?*
Ndiye. Shule ile ililelewa na mabruda kutoka Ayalandi. Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa wilaya hii yetu ya Cork, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha, akawa kocha wa riadha. Ndiye aliyemfundisha David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016. Ongeza mbio kwenye gwaride lenu.

Kutoka Toronto: *Mwanangu kasikia Patrisi alifukuza nyoka, sasa haingii bafuni usiku.*
Pole kwake. Mwambie ile ni ngano. Ayalandi haijawa na nyoka wa porini tangu enzi ya barafu, kwa sababu barafu ilipoyeyuka bahari iliizunguka nchi kabla nyoka hawajafika. Hakukuwa na nyoka wa kufukuzwa. Mimi nyoka siwatii kabisa kwenye somo la watoto wa umri huu.

Kutoka Galway: *Nikimfundisha wangu wa miaka minne nyumbani, lazima nimsajili?*
Bado. Hapa elimu ya lazima inaanza miaka sita. Akiifikisha na bado uko naye nyumbani, ndipo utaomba usajili kwa Tusla, shirika la serikali la watoto na familia.

Kutoka Mwanza: *Mtindi wa dukani hapa una sukari. Unafaa?*
Usiutumie. Chukua maziwa fresh, kila kikombe utie kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limao, yaache dakika kumi. Yakikatika, yako tayari.