Hela ya korosho ikiingia, anza na maji ndo uje kwenye urembo

Minada ikianza mwezi wa 10 huku kwetu kila mtu ana mipango na nyumba yake, na hela ya kwanza mara nyingi inaenda kwenye sofa, tivi na rangi ya sebuleni. Halafu mwezi wa 12 mvua hizo, bati linavuja, rangi inabanduka na sofa linanuka ukungu. Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi naomba tupange hivi: kwanza maji yasiingie kutoka juu, pili yasile ukuta kutoka chini, tatu hewa ipite, urembo ufuate mwishoni. Na tafadhali usiuze korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa nje ya mnada wanaolipa bei ya chini, eti uwahi bati kabla ya msimu, maana hapo umeshapoteza hela ambayo ingekumalizia nyumba yote.

Tuanze na paa. Subiri jua la saa sita, funga milango na madirisha, kaa ndani gizani uangalie juu, kila penye tundu mwanga utachungulia. Sasa chukua chelewa, chomeka kwenye kila tundu unaloliona, kijana aliye juu ya bati ataziona zimejitokeza na hatapoteza muda kutafuta. Ukifanya hivi utagundua matundu mengi yako kwenye misumari, ule mpira wa chini ya kichwa cha msumari umekaushwa na jua mpaka umepasuka. Usiugonge ule ule urudi ndani, tundu la kwenye mbao limeshalegea, baada ya wiki utachomoka tena. Ng'oa, piga msumari mpya wenye mpira mzima pembeni kidogo, kwenye mgongo wa bati na siyo kwenye bonde maji yanapopita, lile tundu la zamani lizibe kwa kitambaa kilicholowekwa lami. Kazi hii ni misumari kilo moja au mbili na lami kidogo, fundi wa siku moja tu.

Kama bati limeshaliwa na kutu basi ni kubadilisha. Ukienda dukani kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo ndo bati nene, yaani 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi ya hewani haina huruma, bora ununue bati chache za 28 uezeke chumba kimoja mwaka huu na kingine msimu ujao, kuliko kuezeka nyumba nzima kwa bati jembamba. Fundi akiwa juu mwambie afunge pia kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwenye ukuta kwa waya mnene. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinatuelekea kabla hakijatua hapo jirani Msumbiji, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Dar upande wa Kilwa, kwahiyo upepo mkubwa siyo hadithi tena kwetu. Waya ni hela ndogo sana ukilinganisha na paa zima.

Sasa chini ya ukuta, na hapa ndo nataka tukae kidogo kwasababu nyumba nyingi za udongo, zile za mbavu za mbwa, zinakufa kuanzia hapa na wala siyo juu. Angalia ile futi moja ya mwisho karibu na ardhi, utakuta udongo umeliwa mpaka fito zinaonekana. Maji ya paa yanadondoka, yanarukia ukutani na tope, kila mvua inachukua kidogo. Ukikandika tu bila kuzuia yale maji utakandika kila mwaka. Kwahiyo kwanza upenu, utoke nje angalau futi mbili, kama bati ni fupi ongeza hata makuti pale chini. Pili chimba kamfereji pale matone yanapoangukia, ukaelekeze mbali na nyumba, ujaze kokoto ili maji yasirushe tope. Tatu panga mawe kuzunguka nyumba kama kibaraza kidogo chenye mteremko wa kwenda nje, hata kikiwa na upana wa hatua moja kinatosha.

Ndo sasa ukandike. Kwangua udongo wote uliolegea, nyunyizia maji, halafu tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi. Vipimo vinategemea udongo wenyewe, kwahiyo paka vipande vitatu ukutani vyenye mchanga tofauti, subiri vikauke kabisa. Kilichopasuka pasuka kina udongo mwingi, kinachopukutika ukikisugua na kidole kina mchanga mwingi, chukua ambacho hakifanyi hivyo.

Kitu kinachoniuma ni watu kupiga lipu ya saruji moja kwa moja juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza mwaka wa kwanza kweli, ila udongo unavimba na kusinyaa na unyevu wakati saruji imekaza pale pale, zinaachana. Gonga na kifundo cha kidole, ukisikia mlio wa uwazi jua ndani pameshaachia na maji yamejificha humo yanakula ukuta. Udongo unapenda chokaa, chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Nyumba za zamani pale Mikindani ni mawe na chokaa, nendeni mkaziangalie.

Kupaka chokaa wala siyo kazi ngumu. Loweka usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa, weka chumvi kidogo ishike, iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta kwanza, paka mkono mwembamba, kesho yake mwingine, hata mitatu. Usipake nene inabanduka, na kinga macho maana chokaa inaunguza. Juu ya rangi ya mafuta haishiki, usijisumbue.

Kwa wenye nyumba za tofali na sakafu ya niru, saruji tunayo ya kiwanda cha hapa hapa Mtwara, shida ipo kwenye mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, ukuta utatoa unga mweupe na nondo zitaoza, hata ukiletewa bure kataa. Lipu ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga inatosha, sakafu 1 kwa 3 au 4, halafu mwagilia siku 7, hapo ndo watu wanapoharibu, wanaacha ikauke na jua kisha wanamlaumu fundi.

Hewa nayo fupi tu: kusi inavuma kuanzia Aprili hivi, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kwahiyo chumba kiwe na tundu pande mbili zinazotazamana, hata kama ni matofali ya matundu yenye nyavu ya mbu.

Ukibakiwa na chochote weka gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, hasa ndugu zangu wa Newala na Tandahimba ambako maji ni shida. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, yaani upande wa paa wa mita 6 kwa 4 ukipata mvua ya milimita 10 ni kama lita 240, pipa limejaa na kumwagika. Mvua ya kwanza iache isafishe bati na vumbi lote, ndo uanze kukinga, na mdomo wa pipa ufunge chandarua kilichochakaa mbu wasizaliane humo.