Jinsi ya kuchagua kiti cha ndege ya rimoti ya mabawa ya ghorofa kabla hujatoa hela

Nianze na hilo neno maana lilishanitia matatani. Nikisema "kiti" namaanisha lile boksi la vipande vya balsa (mbao nyepesi sana), waya na mchoro ambalo unajenga mwenyewe mwanzo mwisho, sio fanicha. Mara ya kwanza nilimwambia wife kuna kiti changu kinakuja toka nje, akasogeza kabati sebuleni kukitafutia nafasi, sasa lilipofika boksi limejaa vijiti we acha tu.

Ndege zenyewe ni zile za zamani, bawa moja juu lingine chini kama ghorofa. Nimeshajenga nne, nikiwa Dar halafu Arusha, na watu wengi wananiuliza waanze na ipi. Jibu langu ni kwamba usichague kwa picha ya boksi, chagua kwa kuangalia kiti kinalishikaje lile bawa la juu. Nitafika huko, twende taratibu.

HATUA YA 1: Jiulize unarusha nini sasa hivi

Kama bado unajifunzia ndege ya bawa moja lililo juu ya bodi, yenye tairi la mbele, ngoja kwanza. Nyingi za ghorofa zina tairi dogo mkiani, kwa hiyo zikiwa zinakimbia chini zinapenda kugeuka zenyewe na usipowahi kwa usukani wa mkia inazunguka inapiga ncha ya bawa chini. Rusha kwanza kitu cha tairi la mkiani chenye bawa moja, ukiweza kupaa na kutua nacho mara ishirini bila kuvunja propela njoo tuendelee.

HATUA YA 2: Chagua ndege, sio rangi

Hapa ndo nilipochemka. Ya kwanza yangu ilikuwa Sopwith Camel, ile ya Waingereza ya vita ya kwanza ya dunia, imeingia vitani 1917. Ni nzuri kuitazama mpaka unasahau kula. Shida ni pua yake. Camel ya ukweli ilikuwa na injini nzito ya kuzunguka pale mbele ndo maana pua ikawa fupi, sasa wewe kwenye modeli unaweka mota ya umeme ya gramu 150, uzito wa kubalansi unatoka wapi? Unatoka kwenye risasi, ile metali nzito. Piga hesabu kidogo: kama mkia uko sm 60 nyuma ya sehemu ya balansi na risasi inakaa sm 15 mbele yake, kila gramu 10 ulizozidisha mkiani, iwe gundi, iwe rangi, iwe kijiti kigumu kuliko inavyotakiwa, unazilipia gramu 40 puani. Mimi nilimaliza na gramu 340 za risasi puani, nyingine nimezichonga kuwa kama mkate wa ajemi zizunguke mota. Iliruka, sikatai, ila ilikuwa inatua kama gunia la mahindi.

Pitts Special nayo kila mtu anaitaka. Ile ameibuni Curtis Pitts kule Marekani, imeruka mara ya kwanza 1944, ni ndege ya sarakasi, fupi na inageuka ukiifikiria tu. Hicho hicho kinachowafurahisha mafundi ndo kitakachokuumiza, ikiwa mbali kidogo hujui inakuja au inaenda. Iwe ya tatu hiyo.

Kwa mtu wa kwanza mimi napendekeza familia ya Moth za de Havilland. Tiger Moth imeruka mara ya kwanza Oktoba 1931 na marubani kibao wa Kiingereza wamefundishiwa hiyo. Pua ndefu kiasi, mkia uko mbali, mabawa marefu membamba. Ila ujue mabawa yake yamevutwa nyuma, na sio urembo: anayekaa mbele alitakiwa aweze kutoka na parachuti, wakasogeza bawa la juu na nguzo zake mbele, balansi ikaharibika, wakairudisha kwa kuvuta mabawa nyuma. Kwako wewe fundi manake ni kwamba boriti za mabawa zinaungana kwa pembe na ukikosea pembe kulia na kushoto umekwisha. Kaka yake, Gipsy Moth, ana mabawa yaliyonyooka, rahisi zaidi kujenga, halafu ni ndege ya nyumbani kabisa hii, Wilson Airways ya Nairobi ilianza nayo 1929, na uwanja wa Wilson umepewa jina la mama mwenyewe mwenye kampuni, Florence Kerr Wilson.

Jambo moja la kuangalia: Tiger Moth ina eileroni, vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande, kwenye bawa la chini tu. Ukikunja rimoti kushoto bila usukani wa mkia pua inaenda kulia kwanza kama punda anayegoma, kwa hiyo lazima uzoee vidole viwili pamoja. Usipotaka hayo tafuta yenye eileroni nne kama Bücker Jungmann, au hizi za michezo tu zisizoigiza ndege yoyote ya kweli, Hog-Bipe ya Sig na Phaeton ya Balsa USA ni mifano. Hazina sifa ya kupiga nazo picha lakini zinasamehe.

HATUA YA 3: Uzito kwa eneo la bawa

Chukua kikokotoo. Tuseme kiti kinasema urefu wa mabawa sm 120, upana wa bawa sm 20. Bawa moja ni desimita 12 mara 2, sawa na 24, yote mawili 48. Uzito ikiwa tayari kuruka wanasema gramu 2,400. Gawanya, unapata gramu 50 kwa kila desimita ya mraba. Kwa saizi hiyo sawa tu, mimi ikipita 55 naachana nayo. Na hapo hesabu inakubembeleza kidogo, maana mabawa mawili yaliyopangwa yanabaniana hewa, hayabebi kama bawa moja lenye eneo hilo hilo, na yakikaribiana sana ndo mbaya zaidi. Pima kwenye mchoro: nafasi kati ya bawa la juu na la chini isipungue upana wa bawa lenyewe.

Sasa wenzangu wa huku juu, Arusha, Nairobi, Iringa, sikilizeni. Hewa ya Arusha, mita kama 1,400 hivi, ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia kama 13. Ndege ile ile ya gramu 2,400 iliyokuwa inatua Dar kwa ustaarabu, huku ili itue kwa mwendo ule ule inabidi iwe na gramu kama 2,100. Mimi yangu ya pili niliihamisha bila kufikiri, nikaipunguzia moto (nguvu ya mota) palepale nilipozoea, ikadondokea bawa la kushoto. Kwa hiyo wa juu chagueni kiti chepesi au kikubwa zaidi, na uzito ulioandikwa kwenye boksi ongezeni asilimia 10 maana aliyeuandika alijenga na gundi ya kijiko cha chai, sisi tunajenga na kijiko cha mchuzi.

HATUA YA 4: Soma kitabu cha maelekezo kabla hujanunua

Watengenezaji wengi wanakiweka wazi kwenye intaneti. Pakua, halafu ruka kurasa zote uende moja kwa moja kwenye nguzo za katikati, zile fupi zinazotoka kwenye bodi kwenda kushika bawa la juu. Kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni waya. Unapewa waya wa chuma wa mm 3 au 4, unaukunja mwenyewe kufuata mchoro, unaufunga na waya mwembamba wa shaba halafu unauchomelea kwa risasi ya kuunganishia. Ukikosea mkunjo kwa mm 2 tu, mbele juu nyuma chini, bawa lako la juu limeshapinda pembe kama digrii moja kwa upana wa sm 12, na hiyo digrii utaitafuta angani wiki tatu hujui kwa nini ndege inapanda pua kila ukiongeza moto. Ya pili ni plaiwudi iliyokatwa kwa leza yenye ndimi zinazoingia kwenye matundu ya bodi. Hii ikiingia imeingia, pembe imeshaamuliwa na mashine. Kama ni kiti chako cha kwanza, nunua chenye plaiwudi. Mambo mengine yote unaweza kunibishia, hili hapana.

Ukiwa humo humo hesabu skrubu za kufunga mabawa uwanjani. Ya tatu yangu ilikuwa na skrubu 16 ndogo, dakika 25 kila nikitaka kuruka, na kila Jumamosi mbili zinabaki kwenye majani. Ya sasa hivi nguzo zote zinabaki zimefungwa, natoa boliti nne na mabawa yanatoka pamoja kama sanduku. Hakikisha tu sanduku hilo linaingia kwenye gari yako, mimi nilipima mlango wa nyuma kwanza.

HATUA YA 5: Mbao na usafiri

Vipande vikatwe kwa leza. Vile vya zamani vya kugongwa kwa kisu cha mashine kisu kikiwa butu mbavu zinatoka zimepondeka kingo. Balsa yenyewe, nyingi inatoka Ecuador, inatofautiana sana: karatasi ya mm 3, upana sm 10, urefu mita moja, ikiwa nzuri inacheza gramu 35 hadi 45. Nikikuta ya 65 naiweka pembeni nachonga kitu kingine.

Usafiri ndo unaofanya nipende viti kuliko zile ndege zinazokuja zimeshajengwa. Wasafirishaji wengi wa mizigo kwa ndege wanatoza kwa ukubwa wa boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la kiti, 100 kwa 20 kwa 12, unalipia kilo 4.8. Iliyojengwa tayari, 110 kwa 45 kwa 25, unalipia karibu kilo 25, za hewa tupu aisee. Betri za lipo, zile za lithiamu za kuendesha mota, usiziunge kwenye oda hiyo, zinazuiliwa, tafuta za hapa hapa.

HATUA YA 6: Vya nje ya boksi

Kiti hakiji na mota, spidi kontrola (ya kupunguza na kuongeza kasi ya mota), sevo nne au tano (vimota vidogo vya kusogeza usukani na eileroni), gundi, wala plastiki ya kuvalisha ile ya kupiga pasi. Mota kadiria wati 200 kwa kilo, maana hizo nguzo na waya zinakamata upepo vibaya. Ukizima moto ghorofa haielei, inasimama. Unatua na moto kidogo mpaka matairi yaguse. Bei ya jumla zidisha ya kiti mara mbili hadi tatu ndo hela yako ya kweli. Na kabla ya kurusha ulizia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, habari ya kibali, wa Kenya KCAA, usisubiri uulizwe na askari rimoti ikiwa mkononi.

Boksi likifika usifungue gundi siku hiyo. Tandika mchoro mezani, weka nguzo za katikati juu ya mchoro wake, ya kushoto juu ya ya kulia, uangalie kama zinafunikana. Zangu za sasa zilipishana nusu milimita. Nikachukua msasa, nikazifunga pamoja na klempu, nikazisugua mpaka zikawa moja, ndo nikaenda kulala.