Corolla ya 1998 na chumvi ya Mikindani

Nakaa Mikindani, nafundisha Mtwara mjini, kilomita kama kumi kwenda na kumi kurudi. Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, na kila mwisho wa mwezi kuna mwalimu mwenzangu ananiuliza nitaliuza lini. Siliuzi. Injini bado nzima. Gari kuukuu huku pwani linaliwa kutoka chini.

Kwa hiyo Jumamosi naanza kuosha chini kabla ya juu, kwa maji ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi. Mpira wa maji nauelekeza juu ya tairi kwa ndani, mchanga wenye chumvi unakojificha, halafu kwenye chasisi. Baada ya hapo naangalia yale matundu madogo ya chini ya milango. Yakiziba, maji ya mvua hutuama ndani ya mlango na bati linaoza bila wewe kuona. Ukikuta rangi imevimba, kutu imeshakutangulia. Mimi nazibua kwa njiti ya ufagio wa chelewa, maana waya unakwangua rangi. Chelewa, basi, lakini usichelewe.

Kutu ndogo naimaliza mwenyewe: msasa mpaka chuma king'ae, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida. Mafundi wengi hupaka oili chafu chini ya gari. Inasaidia, ila isiguse breki wala bushi za mpira, zitalainika na kuharibika.

Jambo la pili ni joto. Niliwahi kupanda kwenda Newala na mpira wa rejeta uliopasuka, nikaufunga kwa kipande cha tyubu. Mshale wa joto ulipopanda nikajiambia nimebakiza kidogo tu. Hicho kidogo kiliunguza gasketi ya silinda hedi, na fundi aliponiona akasema, "Mwalimu, mpira ule ungeununua mara ngapi kwa hela hii?" Sikumjibu. Siku hizi mshale ukivuka katikati nasimama, nazima, nasubiri injini ipoe kabisa ndipo nafungua kifuniko cha rejeta. Ndani naweka kulanti, maana maji matupu yanaleta kutu. Mipira naiminya kila mwezi: uliokauka ukalia kama karatasi, au uliolegea kama embe bovu, unatoka.

Oili na filta yake nabadilisha kila kilomita 5,000. Kijiti cha oili nakichomoa asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu injini ya umri huu hunywa kidogo kidogo bila kudondosha hata tone.

Betri ikiota unga mweupe kwenye vichwa, chomoa waya wa hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo yasiingie ndani ya betri, kausha, paka grisi. Gari likiwa linaunguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki kwenye 12, usikimbilie kununua betri. Mara nyingi mwenye kosa ni altaneta au mkanda wake.

Tairi za mtumba nanunua, lakini nasoma kwanza tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akianza kukufundisha kuwa mpira hauzeeki, endelea na safari.

Spea nyingi naagiza Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, zinakuja na basi. Nampigia muuzaji picha ya kifaa cha zamani pamoja na namba ya chasisi. "Ya Corolla" peke yake imeshaniletea breki pedi zisizoingia.

Hela natenga 20,000 kila wiki, ziguswe zisiguswe, na kila matengenezo yanaandikwa kwenye daftari la mazoezi pamoja na kilomita. Sasa hivi daftari linadai bushi za mbele. Nitazibadilisha Agosti, kabla minada ya korosho haijaanza, maana hela ikishaingia mjini kila mwenye gari anakumbuka kulitengeneza siku moja, na fundi wangu hapokei hata simu.