Uzamili wa sayansi ya neva na utambuzi: anza na maabara, jina la chuo baadaye

Ukitaka kuomba uzamili huu wa masomo ya ubongo na fikra, usikimbilie umaarufu wa chuo. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Programu yao ni ya miaka 2, krediti 120, na kwa Uholanzi krediti moja huhesabiwa saa 28 za kazi. Sehemu kubwa ya muda huo hukai darasani, uko maabara chini ya msimamizi. Basi jiulize: nani anatafiti jambo linalokuvutia, na kwa kifaa gani? Kupima umeme wa ubongo kwa EEG na kushughulika na ubongo wa panya ni maisha mawili tofauti. (Panya mimi siwawezi.) Soma makala mbili tatu za mtafiti huyo kabla ya kumwandikia.

Halafu Python, lugha ya kompyuta ya kuchambulia data. Hapa waliotoka saikolojia hukwama, na wa baiolojia vilevile. OpenNeuro, hifadhi ya mtandaoni, ina data halisi za ubongo, bure kabisa. Pakua seti ndogo ya EEG, ichambue kwa MNE, programu ya Python ya kuchambua data za aina hiyo, ambayo nayo ni bure. Hata ukiambulia grafu moja, itaje kwenye barua ya maombi: ulitafuta nini, ulisafishaje data, wapi ilikushinda. Hilo lina uzito kuliko kusema "tangu utotoni naupenda ubongo."

Ada kwa asiye raia wa nchi za Ulaya ni kubwa zaidi, kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya mwisho ya ufadhili. Mara nyingi hutangulia ile ya udahili.