Kusindikiza mahadhi ya Kiayalandi kwa gitaa kavu

Mpiga rizimu aliyekulia kwenye muziki wa dansi akikaa na wapiga fidla wa Ayalandi hukutana na jambo moja geni: hakuna mzunguko wa kodi uliotandikwa ili mwimbaji aje kuukalia. Fidla, filimbi, akodiani na banjo hupiga mahadhi yaleyale kwa pamoja, na gitaa hufuata nyuma. Muziki huu uliishi muda mrefu bila kodi yoyote. Piano ilisikika ikisindikiza kwenye santuri zilizorekodiwa New York miaka ya 1920, na gitaa likapata kiti chake hasa miaka ya 1960 na 1970. Kwa maana hiyo usipopiga, muziki unaendelea vizuri tu. Ukipiga vibaya, kila mtu anasikia.

Kwa hiyo anza na mahadhi, gitaa likiwa bado kwenye mfuko. Mengi yana sehemu mbili, A na B. Kila sehemu ina vipimo 8 na hurudiwa mara mbili: A A B B, jumla vipimo 32. Wachezaji hupanga hatua zao kwa vipimo 8, na ukipotea hapo umewapoteza na wao. Sikiliza rekodi moja mpaka uweze kuyavumisha mdomoni bila msaada na kujua B inaingia lini. Asiyeweza kuyavumisha hawezi kuyasindikiza, hata awe na kodi mia.

Aina za mapigo ni chache. Rili ina noti 8 za haraka katika kila kipimo, na mguu unagonga mara mbili. Jigi ni 6/8, vikundi viwili vya noti tatu; aliyezoea mwendo wa chakacha atauelewa upesi, ingawa mkazo haukai palepale. Slipu-jigi ni 9/8, vikundi vitatu. Honpaipu huhesabiwa kama rili lakini ni ya polepole na inayumba, noti ya kwanza ya kila jozi ikiwa ndefu kuliko ya pili. Polka ni 2/4 na ina nguvu sana kusini-magharibi, Kerry na Cork. Anza na jigi na rili, nyingine zitakuja.

Kutyuni na kodi

Wasindikizaji wengi hawatumii tyuni ya kawaida. Wapo wa D-A-D-G-A-D, ambayo Mícheál Ó Domhnaill wa kundi la Bothy Band aliifanya isikike sana miaka ya 1970. Ni tamu, ila inakulazimu kujifunza shingo ya gitaa upya. Kwa anayeanza tunapendekeza njia fupi: shusha uzi wa 6 peke yake kutoka E hadi D, nyingine ziache. Unapata besi nzito ya D, na vidole vya nyuzi tano zilizobaki ni vilevile unavyovijua. Tumia seti ya nyuzi ambayo uzi wake wa 1, ulio mwembamba kuliko wote, una unene wa inchi 0.012 au 0.013. Seti nyembamba zaidi hulegea uzi wa 6 ukishushwa, na ukiupiga kwa nguvu unagonga freti na sauti inapanda juu ya noti yake.

Kodi zifuatazo zimeandikwa kuanzia uzi wa 6 kwenda wa 1. Sifuri ni uzi wazi, x ni uzi usiolia.

D: 0-0-0-2-3-x
G: 5-x-0-0-3-3
A: x-0-2-2-0-0
Em: 2-2-2-0-0-0
C: x-3-2-0-3-3
Bm: x-2-4-4-x-x

G ndiyo inayowatesa watu. Laza kidole cha shahada kwenye nyuzi 1 na 2, freti ya 3, kisha kidole cha pete kiende freti ya 5 ya uzi wa 6, ubavu wake ukigusa uzi wa 5 kidogo ili unyamaze. Em ni kidole kimoja tu kilicholazwa juu ya nyuzi tatu nene, freti ya 2.

Utaona D, G, A na Bm hazina theluthi, ile noti inayoifanya kodi iwe meja au maina. Hilo ni la makusudi. Mahadhi yenyewe yanataja theluthi yanapotaka, na mengine huipandisha na kuishusha ndani ya sehemu moja. Zaidi ya hapo, theluthi ya meja kwenye gitaa huwa juu kidogo kuliko ile ya zumari ya Ayalandi, ile yenye mfuko wa hewa, na zikikutana masikio yanawasha.

Kwa nini D, G na jamaa zao tu? Filimbi, filimbi za mbao na zumari za Ayalandi kwa kawaida ni za ufunguo wa D, na fidla hutyuniwa G-D-A-E. Mkusanyiko wenu wote utapita D, G, A, Em, Am na Bm, mara chache nje ya hapo. Kwa mahadhi ya A, bana kapo (kibano kinachokaza nyuzi zote kwenye shingo) kwenye freti ya 2 na upige maumbo ya G. Ukishaibana, tyuni tena uzi wa 6: kwa kuwa umelegea, kapo huuvuta na kuupandisha.

Mkono wa kulia

Hapa ndipo kazi ilipo, na robo tatu ya muda wa mazoezi itumie hapa. Chagua piki (kipande cha kucharazia) nyembamba, milimita 0.60 hadi 0.73. Nene itakukwama kwenye nyuzi ukifika kasi ya kuchezea. Itokeze milimita 4 au 5 tu nje ya vidole, na mwendo utoke kwenye kiwiko na kifundo kwa pamoja. Mkono wa kiwiko peke yake unakakamaa dakika ya tatu.

Kwa rili, hesabu 1-na-2-na-3-na-4-na: chini kwenye namba, juu kwenye “na”. Mkono hausimami hata usipogusa nyuzi. Unaendelea kupanda na kushuka hewani. Kwenye 1 na 3 gusa nyuzi nene, 6 hadi 4. Kwenye 2 na 4 gusa nyembamba kwa mkazo mdogo. Ukizidisha mkazo wa 2 na 4 unapata ngoma ya roki na fidla itaonekana kama inakokotwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kucharaza nyuzi zote 6 kwa kila pigo: sauti inakuwa ukuta na mahadhi yanazama.

Jigi ina njia mbili. Ya kwanza ni chini-juu-chini, chini-juu-chini, yaani michapo miwili ya chini inafuatana, na kila kikundi kinaanza kwa chini. Ya pili ni kupokezana moja kwa moja, chini-juu-chini-juu-chini-juu, ambapo kikundi cha pili kinaanzia kwa mchapo wa juu. Ya pili ni rahisi kwa mkono lakini mkazo wa kikundi cha pili hufifia, na wengi bila kujua huweka mkazo kwenye 1, 3 na 5. Hapo jigi imegeuka waltzi. Jifunze ya kwanza, hata kama itakuchelewesha.

Washa metronomu kwenye 70, mlio mmoja kwa kila kugonga mguu, na usipande mpaka upige A A B B nzima mara tatu bila kuyumba. Rili za kawaida huenda kati ya 100 na 115. Usikimbilie huko.

Mfano: jigi ya The Kesh

Inajulikana karibu kila mahali muziki huu unapopigwa, na iko G. Sehemu ya A inaweza kwenda hivi, alama / ikitenga kipimo:

G / D / C G / G D / G / D / C G / D G

Palipo na kodi mbili, kila moja inachukua kikundi kimoja cha noti tatu. Mara ya kwanza piga hivyohivyo. Mara ya pili, kaa kwenye G vipimo viwili vya mwanzo bila kwenda D. Noti za kipimo cha pili zitagongana kidogo na G, na mgongano huo unavuta sikio mbele. Msindikizaji mzuri huishi kwa tofauti ndogo kama hizo, maana mahadhi yatarudiwa mara tatu na kodi zilezile huchosha.

Njia nyingine ni kutembeza besi. Kwenye mahadhi ya D, uzi wa 6 ukiwa wazi ni D, freti ya 2 ni E, ya 4 ni F#, ya 5 ni G, ya 7 ni A. Shikilia nyuzi za juu zilie, sogeza besi peke yake kipimo hadi kipimo, na utue D pale A inapoanza upya.

Mahadhi yanayoishia E huleta mtego. Mengi si E maina ya kawaida, ni modi (ngazi ya noti) ya Doriani, yenye C# badala ya C. Rili ya Cooley’s inasimama karibu yote kwa kodi mbili, Em na D: vipimo viwili Em, viwili D, viwili tena Em, kimoja D, na cha mwisho nusu D nusu Em. Ukiingiza C kwa mazoea ya nyimbo za kawaida, C yako itagongana na C# ya fidla kila itakapopita. Kwenye A Doriani kodi ya kuiogopa ni F, kwa sababu ileile. Tumia Am, G na D.

Ukikaa na wengine

Gitaa moja linatosha. Mkiwa wawili, mmoja anaenda Bm mwingine anabaki D, na besi zinapigana. Kama kuna mwenzako ameshakaa, pokezaneni kwa seti. Buzuki nayo, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, hesabu kama gitaa.

Seti ni mahadhi mawili au matatu yaliyounganishwa bila kupumzika, na mara nyingi ufunguo hubadilika katikati bila taarifa zaidi ya jicho au sauti fupi ya “hup!”. Kipimo cha mwisho kikikaribia, zima nyuzi kwa kiganja na uache vipimo viwili vipite. Tafuta kwa sauti ya chini noti ya besi inayokaa, D au G ndiyo ya kwanza kujaribu, kisha ngoja mwisho wa sehemu: karibu kila mara mahadhi hutua kwenye noti ya ufunguo wake. Usipoipata mpaka B imeisha, weka piki mfukoni na usikilize seti hiyo mpaka mwisho.