Jinsi ya Kuchagua Kigari Chepesi cha Mtoto Kinachokunjika

Kila kilo iliyopungua kwenye kigari cha mtoto imetolewa mahali fulani: kwenye magurudumu yaliyofanywa madogo, kwenye kiti kilichopunguzwa unene, kwenye springi zilizoondolewa kabisa, au kwenye kikapu cha chini kilichobaki kuwa kimfuko tu. Mnunuzi anayejua ni kitu gani kimeondolewa, na kama yeye anakihitaji au hakihitaji, atachagua vizuri hata akisimama mbele ya vigari ishirini vinavyofanana, ilhali asiyejua ataishia kuchagua rangi. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila kigari chepesi ni kimepungua nini ili kifikie uzito huo.

Wazo lenyewe lilitoka kwa watu wa ndege. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushiriki katika kubuni mfumo wa magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni mwaka 1965 kigari chenye fremu ya alumini kilichokunjika kama mwavuli na kuwa na uzito wa takriban kilo 2.7. Vigari vya leo si rahisi kuwa vyepesi kiasi hicho, kwa sababu tangu wakati huo vimeongezewa kipaa cha kuzuia jua, mikanda imara zaidi, egemeo linaloweza kulazwa na kikapu cha mizigo. Kwa sasa kigari chenye kilo nne hadi sita kinahesabiwa kuwa chepesi sana, cha kilo sita hadi nane ni chepesi cha kawaida, na vile vikubwa vya matumizi yote hufikia kilo kumi hadi kumi na tano. Uzito ulioandikwa kwenye boksi usiuamini moja kwa moja, maana baadhi ya watengenezaji hupima fremu na kiti bila kipaa wala upau wa mbele. Ikiwa kuna mizani ya kupimia watu, simama juu yake mikono mitupu, kisha simama tena ukiwa umekibeba kigari kikiwa kamili; tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito utakaoupandisha ngazi.

Kabla ya uzito, hata hivyo, kuna umri wa mtoto, na hapa hapana nafasi ya kubahatisha. Vigari vingi vyepesi vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa kuanzia miezi sita, au mtoto anayeweza kuketi mwenyewe bila kuegemezwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kulinganisha na mwili wake na misuli ya shingo bado ni dhaifu. Akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, kidevu kinaweza kuangukia kifuani na kuibana njia ya hewa pasipo mtoto kutoa sauti yoyote. Kigari kinachodaiwa kufaa tangu kuzaliwa lazima egemeo lake lilale bapa au karibu na bapa, pembeni pawe na kuta zinazomkinga mtoto, na sehemu ya miguu iweze kuinuliwa hadi ilingane na kiti. Vingine hutimiza sharti hilo kwa kupokea kitanda kidogo cha kupachika au kiti cha mtoto cha garini, na vifungo vya kupachikia mara nyingi huuzwa kando. Kiti cha garini kilichopachikwa kwenye fremu kinafaa kwa kumhamisha mtoto kutoka mahali pamoja hadi pengine, lakini hakifai kuwa kitanda chake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri kwamba mtoto anayelala akiwa kwenye kiti cha garini, kigari au kifaa kingine cha kuketia ahamishiwe mahali bapa mara inapowezekana kufanya hivyo kwa usalama, na kinatilia mkazo zaidi watoto wa chini ya miezi minne.

Upande wa juu nao una mpaka wake. Kiwango cha usalama cha Ulaya kinachoitwa EN 1888 kimegawanywa sehemu mbili: ya kwanza inahusu vigari vya watoto wenye uzito usiozidi kilo 15, na ya pili inahusu vigari vya watoto wa zaidi ya kilo 15 hadi kilo 22. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila huandikwa kwenye lebo au kwenye kijitabu cha maelekezo. Ukitarajia kigari kikutumikie mpaka mtoto aache kabisa kusukumwa, tafuta kile cha kilo 22. Lakini mara nyingi urefu ndio unaomtoa mtoto kwenye kigari kabla ya uzito: kichwa hugusa kipaa, mabega huvuka mahali mikanda inapotokea, na nyayo huburutika karibu na magurudumu ya mbele. Pima kwa tepu kutoka kwenye kikalio hadi chini ya kipaa, kisha linganisha na urefu wa mtoto wako kuanzia makalio hadi utosini, ukiacha nafasi ya kukua.

Jambo linalofuata ni mkunjo. Ziko jamii kuu mbili. Vile vya mwavuli hukunjika vikawa virefu na vyembamba, pengine vikafikia urefu wa mita moja, hivyo vinasimama vizuri nyuma ya mlango lakini havienei kirahisi kwenye buti dogo la gari. Vile vya kujikunja mara mbili au tatu huwa kama sanduku dogo, vinaingia chini ya kiti au kwenye rafu, ila vina bawaba nyingi zaidi na kwa hiyo viungo vingi zaidi vya kulegea. Usiamue kwa kutazama picha. Pima kwanza mahali kigari kitakapokaa, yaani buti, kona ya nyumba, au upenyo ulio kati ya viti vya basi unalopanda kila siku, ndipo ulinganishe na vipimo vya kigari kilichokunjwa.

Wanaosafiri kwa ndege huvutiwa na maneno kwamba kigari kinaingia kwenye kabati la juu ya abiria. Kipo kigari cha kampuni ya gb kiitwacho Pockit kilichotambuliwa mwaka 2014 na Guinness World Records kuwa kinachokunjika kikawa kidogo kuliko vyote, kwa vipimo vya sentimita 35 kwa 30 kwa 18, na kipo YOYO, kilichoanzishwa na kampuni ya Babyzen, ambacho kikikunjwa huwa takriban sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Vipimo hivi vinaingia katika mipaka ya mashirika yanayoruhusu begi la sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini yapo yanayoruhusu sentimita 55 kwa 40 kwa 20 tu, na hapo sentimita 44 za YOYO zimeshazidi. Aidha, ndege ikijaa, mhudumu anaweza kuamua kigari kishushwe chini pamoja na mizigo mingine. Anayepanda ndege mara moja kwa mwaka, kwa maoni yangu, hana sababu ya kuacha magurudumu bora kwa ajili ya kabati hilo.

Sifa ya kukunjika kwa mkono mmoja hutangazwa kwa karibu kila kigari, na njia pekee ya kuithibitisha ni kukikunja mwenyewe huku mkono mwingine umebeba mtoto au begi lenye uzito kama wake. Angalia kama komeo linajifunga lenyewe au ni lazima uiname ulibane, kama kigari kilichokunjwa kinasimama bila kuegemezwa, na kama kitambaa cha kiti kinagusa sakafu chafu. Kisha kikunjue. Utapaswa kusikia mlio wa komeo likishika, na baada ya hapo ukiusukuma mpini chini kwa nguvu kisilegee hata kidogo. Kigari imara huwa na kizuizi cha pili kinachozuia kujikunja iwapo kile cha kwanza kitafunguka kwa bahati mbaya.

Bawaba zitazamwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote kwenye fremu. Mwezi Novemba 2009 vigari takriban milioni moja vya kampuni ya Maclaren viliitwa virudishwe huko Marekani baada ya taarifa za watoto kubanwa vidole kwenye bawaba, zikiwamo 12 za ncha za vidole kukatika, na kampuni ikaanza kugawa vifuniko vya kuzizibia. Kwa hiyo pitisha kidole chako taratibu kwenye kila kiungo wakati kigari kimetulia, uone kama kuna pengo linaloweza kupokea kidole kidogo. Hata kama bawaba zimefunikwa, mtoto awe mbali, mahali ambapo mikono yake haikifikii kigari, wakati wowote kinapokunjwa au kukunjuliwa.

Magurudumu ni miongoni mwa vitu vinavyopunguzwa ili kigari kiwe chepesi, na ndiyo yanayoleta majuto mengi. Gurudumu dogo likikutana na ufa au jiwe haliwezi kulipanda. Linasimama ghafla, mwendo wa kigari unahamia mbele, na kigari kinataka kupinduka. Gurudumu la sentimita 12 au 13 halina taabu sakafuni na kwenye lami laini, lakini kwenye kokoto, mchanga au njia ya udongo iliyochimbika kwa mvua litakufanya ukivute kinyumenyume. Kama njia yako ya kila siku ni ya namna hiyo, kigari chepesi hakifai kuwa kigari chako pekee, hata muuzaji akisema vipi. Chukua chenye magurudumu makubwa na ukubali kilo tatu za ziada. Plastiki ngumu hupiga kelele na kusafirisha kila mtikisiko hadi kwa mtoto, ilhali mpira au povu gumu hutulia zaidi na halitoboki. Yazungushe magurudumu moja moja ukisikiliza: lenye beringi huzunguka kwa muda kimyakimya, lisilo nayo hukwaruza na kusimama mapema. Magurudumu ya mbele yaweze kugeuka pande zote, na pia yaweze kufungwa yasigeuke unapopita mahali pa mashimo.

Jaribio la kusukuma halina maana kigari kikiwa kitupu. Kitie mtoto au mzigo wa kilo kumi, kisukume kwa mkono mmoja katika mstari ulionyooka, kigeuze, na kikanyagishe kizingiti cha mlango. Vigari vya mwavuli vyenye vishikio viwili vilivyotengana huhitaji mikono yote miwili, na hilo ni tatizo kwa mtu anayeshika mtoto mwingine mkono. Mpini ufike kati ya kiuno na kiwiko chako. Ukiwa chini ya hapo utainama, na mwenye miguu mirefu ataishia kupiga ekseli ya nyuma kwa vidole vya miguu kila hatua. Kama watu wawili wa vimo tofauti watakisukuma, mpini unaorefushwa una thamani kubwa kuliko mapambo yote.

Breki nzuri hufunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kanyagio moja. Ijaribu kwenye mteremko mdogo huku kigari kina mzigo. Wanaovaa ndala au viatu vya wazi watafute kanyagio inayokanyagwa kwa kufunga na kwa kufungua vilevile, kwa kuwa ile inayohitaji kuinuliwa kwa ncha ya mguu huumiza vidole na hatimaye mtu huacha kuitumia. Mikanda imshike mtoto sehemu tano, yaani mabega yote mawili, pande mbili za kiuno na katikati ya miguu. Ile ya kiunoni peke yake haimzuii mtoto kusimama au kuteleza. Bizimu iwe ngumu kwa vidole vya mtoto lakini isimshinde mtu mzima mwenye haraka.

Kikapu kinabeba kilo chache tu, kwa kawaida mbili hadi tano, na kiasi hicho huandikwa. Kuning'iniza mifuko kwenye mpini ni hatari hasa kwa kigari chepesi, kwa sababu uzito wa fremu hautoshi kuukabili mzigo ulio nyuma, na mtoto akitolewa kigari huanguka chali papo hapo. Kipaa kiwe kirefu, na kiwe na dirisha la wavu. Kukifunika kigari chote kwa kanga au shuka wakati wa jua kali hupandisha joto ndani kwa haraka na kuzuia hewa kupita.

Kigari kilichotumika kinaweza kuwa ununuzi mzuri, mradi utafute jina la modeli na tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, kisha uangalie kama modeli hiyo iliwahi kuitwa irudishwe. Nyufa kwenye viungo vya plastiki, komeo linalochelewa kushika na mikanda iliyochanika kwenye mishono ni sababu za kukiacha. Kitambaa kilichochakaa si tatizo kikiwa kinavuliwa na kufuliwa.

Ukishanunua kipya, uliza muda unaoruhusiwa kukirudisha na usiondoe lebo bado. Siku hiyohiyo kijaribu ndani ya nyumba kwenye sakafu safi: kipitishe milangoni, kiweke ndani ya buti, kikunje na kukikunjua mtoto akiwa ameshikwa na mtu mwingine, na umwache kila atakayekitumia afanye hivyo mwenyewe, akiwamo bibi au babu, maana komeo lililo jepesi kwa kijana linaweza kushindikana kwa mikono yenye maumivu ya viungo.