"Dressing" kwenye lebo: angalia neno lililotangulia

Ukiingia duka la pembejeo Mbalizi au Makambako utakuta neno "dressing" kwenye vifungashio vya vitu viwili visivyohusiana kabisa.

"Seed dressing" ni dawa ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Tia mbegu kwenye kopo lenye mfuniko, lisizidi nusu, weka dawa kwa kipimo cha lebo, kisha livingirishe mpaka kila punje ishike rangi. Vaa glavu. Mbegu iliyobaki hailiwi, haisagwi, wala kuku hapewi hata ukiiosha, na kopo lile lisirudi jikoni.

"Top dressing" ni mbolea ya kukuzia, kama urea au CAN, inayowekwa mahindi yakifika magotini. Hapa ndipo watu huharibu: mtu anaona "dressing", anatia urea shimoni pamoja na mbegu. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Ikigusana na mbegu huunguza chipukizi, na shamba linatoka mapengo. Iweke udongo ukiwa na unyevu, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, ufukie. Ukiiacha juu ya udongo, nitrojeni nyingi hupotea hewani kama amonia, na hiyo ni hela yako.

Hospitali "dressing" ni kufunga kidonda, na kwenye chupa ya supamaketi ni mchuzi wa kachumbari. Hizo hazimtii mtu hasara. Dukani usiombe "dressing" tupu. Sema "dawa ya mbegu" au "mbolea ya kukuzia".